Punje ya Njahi Iliyobaki Nje ya Kopo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi lango la kijiji bado limefungwa, na Idah Mukonyo tayari amelifikia mara tatu. Mara ya kwanza alikuja kuona kama askari ameamka. Mara ya pili alikuja kuona kama ufunguo uko kiunoni mwake. Mara ya tatu amekuja tu, kwa sababu miguu imekataa kutulia nyumbani.

Ni mwezi wa Machi, 1955. Hiki ni kimoja cha vijiji vipya vilivyojengwa kwa mistari upande wa Kiganjo, nje kidogo ya mji wa Thika. Pande zote kuna handaki, ndani ya handaki kuna miti iliyochongwa ncha, na juu yake kuna daraja moja la mbao. Kuingia ni kwa ruhusa, kutoka ni kwa ruhusa. Mimba, kwa tabia yake ya tangu dunia iumbwe, haimwombi mtu ruhusa.

Idah ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Siku za kibarua huchuma kahawa katika shamba la ng'ambo ya mto Chania. Siku zote, za kibarua na za Mungu, ni mkunga. Tena ndiye mwenyekiti wa Chama cha Wakunga wa Thika na Ruiru, chenye wakunga kumi na tisa katika vijiji na makambi ya mashamba, maili kumi na mbili kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukikutana naye njiani hutadhani anaongoza chochote. Ni mwanamke mfupi, mwenye kikohozi cha kujifanya anapotaka watu wanyamaze.

Leo hakohoi. Nyumbani kwake, hatua mia mbili kutoka langoni, mke wa mwanawe ameanza kuumwa uchungu tangu jogoo wa kwanza. Jina lake Ngina. Amekwisha kupoteza mimba mbili. Hii ya tatu imetimiza miezi tisa, lakini mtoto amelala kingamo, yaani kwa upana, tumboni. Kwa wiki mbili Idah amempapasa kila asubuhi akitumaini atageuka, na mtoto hakugeuka. Wa namna hiyo hatolewi na mkunga kwenye ngozi ya mbuzi. Hutolewa na daktari hospitalini Thika, kwa kisu, la sivyo hatoki, na mama naye huondoka naye.

Gari la zahanati hutoka Ruiru na kupita hapa saa mbili kamili. Huchukua wajawazito walioandikwa katika daftari la Chama, hao tu. Jina la Ngina halimo daftarini. Aliyeliacha nje ni mwenyekiti mwenyewe.

"Usiandike hilo," anamwambia mwandishi wa habari hizi, ambaye ana kibali cha kukaa kijijini siku moja. Halafu anatazama lango. "Ama liandike. Watu watalijua tu."

Chama hiki kilizaliwa na kifo. Mwezi wa Juni mwaka jana, katika kijiji kingine ambacho Idah hataki kukitaja, mama mmoja alitokwa na damu mbele ya lango huku watu wakiutafuta ufunguo. Aliyekuwa nao alikuwa amekwenda zake bila kumwachia mwenzake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Idah alikuwa amemkalisha yule mama mapajani, na mpaka leo hakai upande ule wa kanisa unaotazamana na wazazi wa marehemu.

Wiki ile ile alimtumia habari Wayua, mkunga wa Kikamba anayekaa kambi ya shamba la mkonge karibu na Ruiru. Alimchagua kwa hesabu zake. Wayua alijua kuandika, na kwa kuwa ni Mkamba hakubanwa na mambo ya vibali kama wenzake Wakikuyu. Aliweza kutembea toka Ruiru hadi Thika na kurudi.

"Mimi nilikuwa na maneno, yeye alikuwa na miguu," Idah anasema.

Kukusanya wanawake wakati huu wa hali ya hatari si mchezo. Wanawake watano wakikaa pamoja, kuna mtu atauliza wanakula kiapo gani. Chama kilipewa ruhusa ya kukutana mara moja kwa mwezi katika ukumbi wa kanisa Ruiru, kwa sharti kwamba askari akae ndani asikilize kila neno. Akaletwa askari Mbaluka, huyu huyu aliye na ufunguo asubuhi ya leo. Mkutano wa kwanza alikaa katikati na bunduki yake. Walipofika kwenye habari za kondo la nyuma, akasogea mlangoni. Mkutano wa pili aliusikilizia nje, akitazama miti. Mkutano wa tatu alimvuta Idah kando, akamweleza habari za mke wake kule Ukambani aliyekuwa anavimba miguu.

Lakini taabu kubwa ya Chama haikutoka kwa askari. Ilitoka kwa wakunga wenyewe, na ilikuwa taabu ya kuhesabu.

Huku kwetu watu hawahesabiwi. Muulize mama wa Kikuyu ana watoto wangapi, atakuambia wapo, Mungu amejalia. Mkamba naye ni hivyo hivyo. Ukisimama ukaanza kuwanyooshea watoto wa mwenzio kidole, huyu wa kwanza, huyu wa pili, utafukuzwa kwa mwiko wa ugali, maana kilichohesabiwa kimeonyeshwa, na kilichoonyeshwa huchukuliwa. Kinachohesabiwa ni vigelegele tu. Mtoto akizaliwa mvulana, vitano. Akizaliwa msichana, vitatu. Kukiwa kimya, watu hawaulizi.

Sasa daktari wa zahanati alitaka idadi. Bila idadi hangeweza kuomba gari. Wakunga kumi na wanane wakatazama chini, na wa kumi na tisa, yaani Idah, akakohoa. Akawaambia wachukue njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ambayo mzazi hulishwa ili maziwa yashuke. Kila mkunga akiona mimba, asiseme kitu, atie punje moja katika kopo tupu la kakao. Wayua atapita na kumimina makopo, na kuhesabu punje.

"Tunahesabu chakula," Wayua alikuwa akiwaambia, na wote wakaridhika, maana chakula ni halali kukihesabu.

Mambo yakaenda vizuri mpaka Januari. Ndipo daktari akasema punje hazitoshi, sasa kila punje iwe na jina, kwa kuwa watu wameanza kujipenyeza garini kwenda sokoni huku wamejifunga nguo tumboni. Idah alikubali. Tena akatunga kanuni kali kuliko ya daktari: asiyeandikwa hatoki. Anayetaka kuongezwa langoni lazima adhaminiwe na mkunga wa kijiji hicho, wala si mkunga wa nyumba yake. Mkunga huyo atie dole gumba, halafu asindikize mgonjwa mwenyewe. Na mwenye mgonjwa aseme kwa sauti jina na namba.

Wanachama walinung'unika, na aliyenung'unika zaidi ni Perez, mkunga wa pili wa kijiji hiki, rafiki wa Idah tangu walipokuwa wasichana wa kuteka maji Chania. Binti ya Perez alikuwa mjamzito. Idah alikwenda kwake mara nne. Mara ya nne alimwambia kwamba yeye, Idah, ameshika watoto wengi kuliko anavyokumbuka, na hajaona hata mmoja aliyeuawa na hesabu. Perez akatia punje, na jina likaandikwa.

Mwezi wa Februari mtoto wa binti yule alizaliwa amekufa. Daktari alisema kitovu kilimzunguka shingoni. Idah aliyabeba maneno hayo hadi kwa Perez, akayasema yote, kitovu na shingo. Perez alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani. Tangu siku hiyo hawajasema zaidi ya salamu.

Wiki moja baadaye Idah alisimama mbele ya kopo lake na punje ya Ngina mkononi, na mkono ukakataa kufunguka. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na mkunga naye ni mtu. Mwanawe Gerishon yuko kizuizini tangu Agosti mwaka jana, na barua yake ya mwisho ilikuwa na maneno machache tu, kwamba amtunzie Ngina. Idah aliifunga punje ile kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwa.

"Nilijiambia nitaitia wiki ijayo," anasema. "Wiki ijayo ikaja, nikasema hiyo nyingine. Nikatumaini mtoto atageuka, nimzalishe mwenyewe, mtu asijue."

Mwandishi anamuuliza amezalisha watoto wangapi kwa jumla, kwa kuwa magazeti hupenda tarakimu. Idah anamtazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya nguo yake ya ndani. "Walio hai wanajijua," anajibu.

Saa moja kasorobo Mbaluka anafungua lango. Idah anamweleza kila kitu bila kupinda maneno: Ngina, uchungu, mtoto aliyelala kingamo, jina ambalo halimo. Mbaluka anatoa karatasi yake mfukoni, anaisoma yote juu mpaka chini, na kuisoma tena, labda jina litakuwa limeota.

"Mama, ni wewe ulinifundisha," anasema kwa unyonge. "Ulisema hata akija mama yako mzazi bila jina, nisimfungulie. Juzi nimemrudisha mke wa mzee wa kijiji kwa maneno hayo yako. Nikimtoa wa kwako, kesho mimi niko ndani na Chama kimefungwa."

Anasema kweli, na Idah anajua. Askari akikosea orodha mara moja, ruhusa ya Chama inafutwa, na wale arobaini walioandikwa wanabaki ndani ya mahandaki yao na mimba zao. Imebaki njia moja, ile aliyoitunga mwenyewe. Wakunga wa kijiji hiki ni wawili, na yeye ni mama mkwe wa mgonjwa. Amebaki Perez.

Kutoka langoni hadi kwa Perez ni mistari sita ya nyumba. Idah anakwenda mbio, anasimama, anakwenda mbio tena. Anapita kwake kwanza. Ngina ameshika nguzo ya mlango, jasho linamtiririka, na anapomwona anauliza, "Maitu, mama, gari limefika?" Idah anamjibu linakuja. Anawaomba majirani wawili wamsaidie kutembea polepole hadi langoni.

Perez yuko mbele ya nyumba yake, anapepeta mahindi. Anamwona Idah, anaendelea kupepeta. Idah hakai, wala hakaribishwi kukaa. Anamweleza. Anapofika mahali pa kusema kwamba punje aliificha, analazimika kuanza upya.

Ungo unatulia.

"Uliniambia kuhesabu hakuui," Perez anasema.

"Nilikuambia."

"Na wewe uliamini?"

Ng'ambo ya handaki, upande wa barabara, kuna gari linaunguruma, na wote wawili wanageuza shingo. Ni lori la mkonge tu, linapita.

"Kwa wako niliamini," Idah anasema. "Kwa wangu niliogopa."

Hata mwandishi, aliyesimama mbali kidogo akijifanya anatazama kuku, alitamani kuwa mahali pengine. Perez anaweka ungo chini. Anaokota punje mbili za mahindi zilizomwagika na kuzirudisha. Uso wake hauonyeshi kitu, na Idah, aliyekwisha kusoma nyuso za wanawake katika kila namna ya maumivu, anashindwa kuusoma huu.

"Mficha uchi hazai," Perez anasema hatimaye. "Maneno hayo ulikuwa unayasema wewe, ukumbini Ruiru, umesimama juu ya kiti." Anajifunga shuka begani. "Twende. Lakini punje utaitia wewe mwenyewe, na namba utaisema mbele ya watu. Mimi sitakusemea."

Wanafika langoni saa mbili kasoro dakika chache, na gari la zahanati tayari liko darajani. Dereva hazimi injini. Ana vijiji vitatu vingine. Wayua anateremka na daftari kubwa kwapani, anamwona Ngina amejikunja juu ya gunia, anamtazama Idah, anafungua daftari bila kuuliza. Baadaye atasema alishajua kuna jambo, kwa kuwa Idah hakukohoa hata mara moja katika mkutano uliopita.

Watu wamekusanyika, wanawake wa kwenda vibaruani na wazee wawili. Idah anafungua pindo la kitambaa. Fundo limekaza, na vidole vinavyojua kufungua kila kitu vinashindwa na fundo lao wenyewe. Analikata kwa meno. Punje inaangukia kiganjani. Wayua anamnyoshea kopo.

"Ngina, mke wa Gerishon mwana wa Gachanja," Idah anasema. Tangu Januari amewaomba wanawake waseme maneno haya, na yeye mwenyewe hajawahi kuyatamka juu ya mtu wa nyumba yake. "Ni wa arobaini na moja."

Punje inagonga chini ya kopo, na sauti yake inasikika mpaka kwa wazee. Perez anachovya dole gumba kwenye wino, anagandamiza kwenye karatasi kwa nguvu, na kujifuta kwenye shuka. Mbaluka anajongea kando. Ngina anapandishwa, Perez anapanda nyuma yake, maana kanuni inasema aliyedhamini ndiye anayesindikiza, na nafasi ni ya mmoja. Idah anashika mlango wa gari. Anataka kumwambia Perez mambo mengi kuhusu mtoto alivyolala na mahali pa kushika. Perez anamwondoa mkono taratibu.

"Mama Gerishon, najua kazi," anamwambia, na gari linaondoka.

Kutoka hapo hakuna la kusimulia, na ndiyo sehemu ndefu kuliko zote. Idah hakwenda kuchuma kahawa. Ameketi kwenye jiwe karibu na lango, anasuka kiondo. Anasuka mistari minne, anaona amekosea rangi, anafumua. Anasuka mitatu, anafumua. Saa nne, saa tano, saa saba. Mbaluka amemletea maji mara mbili, na mara zote mbili ameyashika mpaka yakapata joto.

Anasema Jumamosi atakwenda Ruiru na kusimama mbele ya wenzake. Atawaambia aliyoyafanya, punje na pindo, halafu atawaachia kiti wamchague mwingine. Kama watamtaka Perez, yeye atakuwa wa kwanza kuinua mkono. Kama Perez atakataa, atakwenda kwake mara nne, kama zamani, na safari hii atakwenda na ukweli. Anayoyataka zaidi ni kwamba Chama kisife kwa sababu yake. Anataka kila kijiji kati ya Thika na Ruiru kiwe na ufunguo wa pili, ushikwe na mkunga. Barua ya kuuomba imekwisha kuandikwa. Imo ndani ya daftari la Wayua, inangoja sahihi ya mwenyekiti, yeyote atakayekuwa.

"Na kama Ngina hatarudi?" mwandishi anauliza, na papo hapo anajuta.

Idah anafumua mstari mwingine. "Nitaendelea kuhesabu," anasema. "Sitaamini, lakini nitahesabu. Yule wa langoni hakuhesabiwa na mtu, na alikufa."

Saa tisa na nusu gari linatokea kwenye kona. Linakuja polepole, au linaonekana hivyo. Kiondo kinaanguka. Wanawake waliotoka vibaruani wanasimama walipo, na hakuna anayeuliza. Gari linasimama darajani. Mlango haufunguki mara moja. Idah ameshika mti wa lango kwa mikono miwili, midomo yake inachezacheza, pengine ni sala.

Perez anateremka. Shuka lake lina damu. Anavuka daraja hadi katikati, anasimama, anainua uso.

Kigelegele cha kwanza kinamtoka kwa sauti iliyochakaa.

"Moja," Idah anasema, kwa sauti, mbele ya watu wote.

Cha pili kinatoka.

"Mbili."

Cha tatu.

"Tatu." Anangoja. Kijiji kizima kinangoja, maana vinaweza kufika vitano. Perez amefunga mdomo, amesimama pale darajani, anamtazama. Ni msichana. Na msichana wa kwanza wa Gerishon, kwa desturi isiyobishaniwa, ni lazima aitwe jina la mama yake Gerishon. Mukonyo mdogo amezaliwa Thika mchana huu.

Wanawake wengine wanapokea vigelegele, ovyo, bila hesabu. Idah amekaa chini, mavumbini, na analia waziwazi. Perez anakuja kukaa kando yake. Anasema Ngina amepasuliwa, amelala, amekunywa chai. Atarudi baada ya wiki mbili.

Mbaluka anasimama juu yao na kitabu chake cha lango. Ni mtu wa kufuata sheria, na sheria inataka ajue. Asubuhi wametoka wawili, Perez na Ngina, na sasa amerudi Perez peke yake. Anauliza kwa upole siku gari litakaporudi na Ngina, aandike anaingia nani.

Idah anajifuta uso kwa kile kitambaa chenye pindo lililokatika. Anakohoa.

"Andika watu wawili," anasema.